Chifu anasema amemaliza kifungo: je, kuna anayemchunga?

Swali: Salaam aleikum Bi Mkubwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Maweni hapa Malindi. Mwaka 2015 kijana mmoja wa mtaani kwetu alihukumiwa miaka 15 kwa kumnajisi msichana wa miaka 16. Mwezi uliopita nilimwona amerudi, anakaa kwa dadake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sasa anashikilia tuktuk ya shemeji yake, na asubuhi anabeba watoto wa shule. Wangu pia aliwabeba mpaka siku niliyomtambua. Nilikwenda kwa chifu, akaniambia, "Huyo amemaliza kifungo chake, hana deni na mtu." Vijana wa maskani wanataka kumfukuza mtaani. Nauliza: serikali humchunga mtu kama huyu, au ikishafungua lango la gereza basi? Na ikiwa inapaswa kumchunga na haimchungi, nani wa kuiuliza?

Jibu: Wa aleikum salaam, mwanangu. Umeuliza maswali mawili, na hilo la pili ni adimu. Nimefanya kazi ya probesheni, yaani ya kuwasimamia waliohukumiwa wakiwa nje ya gereza, hapa Pwani miaka 24 kabla ya kustaafu. Watu walinijia ofisini wakiuliza, "Huyu mtu ni hatari?" Sikumbuki hata watano walioniuliza, "Na ofisi yako inamfuatilia vipi?" Laiti wangeuliza, kazi yangu ingekuwa bora zaidi.

Tuanze na neno la chifu: amemaliza. Piga hesabu nami. Alihukumiwa miaka 15 mwaka 2015. Sheria ya Magereza inamruhusu mfungwa mwenye nidhamu na bidii, asiyefungwa maisha, apunguziwe thuluthi moja ya kifungo. Hiyo ndiyo wafungwa wanaiita rimisheni. Thuluthi ya 15 ni 5, zinabaki 10. Kwa hiyo alipotoka alikuwa ametumikia miaka 10 ndani, na miaka 5 ya hukumu yake haikuliwa na kuta za gereza. Swali zima liko hapo: miaka hiyo 5 iko mikononi mwa nani?

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imelijibu, katika kifungu cha 39. Inasema mahakama inaweza kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari wa kingono akiwa amehukumiwa zaidi ya mara moja, au kosa lake liliambatana na nguvu au vitisho, au alimkosea mtoto. Mtu wako anaingia katika hilo la tatu bila mjadala. Akishatangazwa na kufungwa bila hiari ya faini, mahakama inapaswa kuamuru, katika hukumu hiyohiyo, kwamba siku atakapotoka kabla ya muda wote kuisha, wakuu wa magereza wahakikishe anawekwa chini ya uangalizi wa muda mrefu kwa kipindi kilichobaki. Kwa hesabu yetu, ni mpaka mwaka 2030.

Lakini tazama vizuri, maana watu hujikwaa hapa. Sheria inasema mahakama "inaweza" kumtangaza. Haijitangazi yenyewe. Mtu anaweza kumnajisi mtoto, akafungwa miaka mingi, na neno "hatari" lisiandikwe popote kwenye faili kwa sababu siku ya hukumu kiongozi wa mashtaka hakuliomba na hakimu hakuliuliza. Nimekaa katika vyumba vya mahakama siku za hukumu, najua zinavyokwenda. Kesi imesikilizwa miaka miwili, kila mtu amechoka, mama wa mtoto analia benchi la nyuma, miaka inatajwa, mshtakiwa anashushwa, faili inayofuata inaitwa. Dakika kumi. Katika dakika hizo kumi ndimo lilipokuwa swali lako la leo, na kama halikusemwa siku ile, hakuna afisa mwenye karatasi ya kumfuatilia mtu huyo. Ndiyo maana nasema uangalizi wa serikali hauanzi langoni mwa gereza. Huanza kizimbani.

Tuchukue kwamba amri ilitolewa. Kabla ya kuitoa, mahakama huhitaji ripoti ya afisa wa probesheni, au afisa wa ustawi wa jamii, au mtu mwingine anayefaa, inayoeleza mtu huyu atasimamiwa vipi na gharama yake ni nini. Kisha amri huja na masharti. Kuhudhuria mafunzo ya kurekebisha tabia. Kujiepusha na pombe na dawa za kulevya. Kutofika mahali fulani palipotajwa. Kutotafuta kazi ya aina fulani inayomweka karibu na wale anaoweza kuwadhuru. Na kukubali kufuatiliwa kwa njia itakayotajwa. Akikaidi, hilo ni kosa jipya, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili.

Sheria hiyohiyo inasema aliyetangazwa mkosaji hatari akiomba kazi ya kuwa na mamlaka juu ya watoto au kuwatunza, au akikubali kuwaangalia, lazima aseme kwamba alihukumiwa. Akinyamaza ametenda kosa, na adhabu ni kama ile niliyotaja. Sasa rudi kwenye tuktuk. Mtu anayekabidhiwa watoto sita wa darasa la pili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mzazi mmoja akishamaliza kumfunga mwanawe kamba za viatu na kumwambia "nenda na mjomba", huyo ameaminiwa watoto. Wakili wa upande wake anaweza kubisha kwamba kuendesha si kutunza. Mimi kwa uzoefu wangu ningelipeleka suala hilo mbele ya hakimu siku hiyohiyo.

Mnyororo huu wa uangalizi una pingili nne: mahakama, gereza, probesheni, na chifu na majirani. Kila pingili peke yake ina watu wanaojitahidi. Inapokatika ni pale mmoja anapomkabidhi mwenzake. Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Mwaka mmoja ofisini kwetu ilifika barua kutoka gereza la mbali, nje ya Pwani, ikisema fulani ametoka na yuko chini ya uangalizi wetu. Ilipofika, huyo mtu alikuwa ameshatoka miezi saba. Mahali pa anwani palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya bluu: "Nyumba ya udongo karibu na mkwaju mkubwa, Barani." Nilipanda bodaboda nikaenda Barani. Nikakuta mikwaju mitatu mikubwa, na nyumba za udongo kama vipele. Bibi mmoja aliyekuwa akisuka makuti akaniambia mkwaju wanaousema wote ulikatwa zamani, ukachomwa makaa. Nilimpata mtu wangu baada ya wiki tatu, naye hakuwa amejificha. Alikuwa akisubiri mtu aje kumwambia aripoti wapi. Miezi saba, mwanangu, mtu aliyehukumiwa kwa kosa zito alikaa na watoto pande zote, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Namshukuru Mungu kwamba hakuna lililotokea. Lakini hiyo ilikuwa bahati. Hakuna ofisi iliyofanya kazi yake pale, yangu ikiwemo.

Uangalizi ukifanya kazi unaonekanaje? Watu hudhani ni askari kumnyemelea mtu nyuma. Namkumbuka mvuvi mmoja niliyemsimamia. Sharti lake lilikuwa asikae peke yake na mtoto. Alikuwa akija kila Alhamisi, ananuka chumvi, anaketi ukingoni mwa kiti. Wiki nyingi hakusema lolote zaidi ya "niko sawa". Wiki moja akaja Jumatano badala ya Alhamisi. Akasema kaka yake anasafiri kwenda mazishi Garsen, na mtoto wa kaka, wa miaka tisa, ataletwa kulala nyumbani kwake. "Nifanye nini, Bi?" Nikampigia kaka yake hapohapo, mtoto akapelekwa kwa shangazi, na yule mvuvi akalala siku tatu kwenye banda la nyavu na mabaharia wenzake. Kwangu mimi, siku ile ya Jumatano ndiyo uangalizi. Yeye anajua udhaifu wake, ana mlango wa kubisha, na mtu wa familia anajua ukweli wote na anaweza kusema hapana. Asipokuwa na pa kubisha, hubaki na siri yake na giza lake.

Sasa ufanye nini? Usianze na chifu tena. Anza na karatasi. Nenda Mahakama ya Malindi, masjala ya jinai, na jina la mtu huyo na mwaka wa hukumu. Kama una nambari ya kesi ni bora zaidi. Mwambie karani unataka kuona kama kuna amri ya uangalizi chini ya kifungu cha 39. Sheria pia inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu atunze rejista ya waliohukumiwa kwa makosa haya, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba habari kama hiyo haipo duniani. Usiombe faili yote. Ndani yake mna jina la yule msichana na aliyoyapitia, na hayo si yako wala yangu.

Ukitoka hapo nenda ofisi ya probesheni. Sema wazi: huyu mtu yuko Maweni, anakaa kwa fulani, anaendesha tuktuk, anabeba watoto wa shule fulani saa fulani. Afisa anayesimamia watu kutoka mjini mpaka Baricho hawezi kujua kwamba mtu wake amepata kazi mpya juzi. Huenda ana karatasi ya uangalizi mkononi na hana habari ya tuktuk, na wewe una habari ya tuktuk na huna karatasi. Mkikutana nyinyi wawili, pingili imeungwa.

Kisha shule. Mwone mwalimu mkuu faraghani, si kwenye mkutano wa wazazi. Mwulize ni nani anayewakagua madereva wanaobeba watoto, na kama wamewahi kutakiwa kuonyesha cheti cha tabia njema kutoka kwa wapelelezi wa DCI. Walimu wana chujio lao: Tume ya Huduma ya Walimu humfuta kwenye orodha mwalimu aliyepatikana na hatia ya kosa la kingono dhidi ya mwanafunzi. Dereva wa skwodi, yaani wa kushikilia kwa muda, anayeshika tuktuk ya shemeji kwa saa mbili za asubuhi hana wa kumchuja. Wala mwalimu wa tuisheni wa jioni, wala anayesomesha watoto chuo barazani kwake, wala kocha wa mpira wa ufukweni. Hilo ndilo tundu kubwa ninaloliona Malindi nzima, na linazibika hata bila sheria mpya, shule na kamati za misikiti na makanisa zikiamua kwamba hakuna mtu mzima anayekabidhiwa watoto bila cheti.

Sasa swali lako la pili, la nani wa kuiuliza serikali. Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 imeweka muda: ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi ya probesheni, nakala kwa mkuu wa gereza alilotoka. Usiulize mambo yake ya siri. Uliza mambo ya ofisi: je, kuna amri ya uangalizi, imekabidhiwa kwa nani, na ni nani anayehusika na eneo la Maweni? Gonga muhuri wa kupokewa kwenye nakala yako, uitunze. Wakinyamaza, Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, ndiyo yenye kazi ya kuzisukuma ofisi zinazokalia barua za wananchi. Akiwa ni polisi aliyepuuza ripoti yako, iko IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi.

Ila ninayoipenda mimi ni Kamati ya Watumiaji wa Mahakama. Huko England na Wales, tangu mwaka 2001 polisi na probesheni, na baadaye magereza pia, wanafungwa na sheria kukaa meza moja na kugawana habari kuhusu watu hawa, na wakaguzi huenda kupima kazi yao na kuichapisha hadharani. Huko pia mzazi anaweza kuwauliza polisi kuhusu mtu aliye karibu na mwanawe, nao wakiona hatari humweleza yule tu anayehitaji kujua. Kwetu, kilicho karibu zaidi na meza hiyo ni kamati hii. Hakimu yupo, mashtaka wapo, polisi, magereza, probesheni, afisa wa watoto, mawakili, na mashirika ya kijamii. Omba shirika moja linaloshughulika na watoto lipeleke swali lako kama ajenda: katika mwaka uliopita, hukumu ngapi za kunajisi watoto zilitolewa hapa, na ngapi zilikuwa na amri ya kifungu cha 39? Swali hilo moja likiulizwa kila kikao, kiongozi wa mashtaka atalikumbuka katika zile dakika kumi.

Nisiache la wageni, maana tuko Malindi. Utafiti wa UNICEF na serikali yetu wa mwaka 2006 ulikadiria kuwa wasichana 10,000 hadi 15,000 wa Pwani, Malindi ikiwemo, walikuwa wakitumiwa kingono na watalii na wenyeji. Na mnyororo unaokatika kati ya gereza na probesheni hukatika vibaya zaidi kwenye mpaka wa nchi. Mmarekani Gregory Dow alihukumiwa kwao mwaka 1996 kwa kosa la kingono na kuamriwa ajiandikishe kwenye rejista ya wakosaji wa kingono. Mwaka 2008 akafungua makao ya watoto huko Boito, Bomet. Akawadhulumu wasichana aliokuwa akiwalea, na mwaka 2021 mahakama ya Marekani ikamfunga miaka 15 na miezi 8. Rekodi ya kosa lake ilikuwepo kwao, ila haikupanda naye ndege. Ukimwona mgeni anayekusanya watoto nyumbani kwake kwa zawadi na ada za shule, usingoje uhakika. Ripoti kwa afisa wa watoto, au piga 116, simu ya watoto, haina malipo.

Vijana wa maskani waambie watulie, nami nakuomba uwaambie wewe kwa sababu wewe ndiye mwenye uchungu na watakusikia. Wakimfukuza Maweni hatapotea duniani. Atakwenda Mpeketoni, au Kilifi, au Mtwapa, atapanga chumba, na mama wa huko hatajua unayoyajua. Dada yake, mtu pekee anayeweza kumwona kila siku, atakuwa amempoteza. Na picha yake msiisambaze kwenye WhatsApp. Nusu saa baadaye watu watakuwa wanakumbushana msichana alikuwa nani. Akionekana amevunja sharti, au akimgusa mtoto, hapo ni polisi, dawati la jinsia, saa hiyohiyo. Wala mzee yeyote asiwaite kuyamaliza nyumbani kwa mbuzi na kuombana radhi. Kesi ya namna hii haifutwi na wazee, na polisi mwenyewe hawezi kuamua kuiacha. Uamuzi huo ni wa mkuu wa mashtaka.

Dada yake nenda ukamwone. Najua ni vigumu. Nenda mchana, mkaribishane chai, umwambie huna nia ya kumtoa ndugu yake, una nia watoto wasipande tuktuk ile. Mara nyingi ndugu huwa wanaogopa kuliko sisi, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Shemeji naye ana njia ya kumpa kazi nyingine: abebe saruji, abebe samaki kutoka ufukweni, asubuhi za shule ampe dereva mwingine.

Na kuna mtu mmoja ambaye hukumtaja zaidi ya umri wake. Yule msichana sasa ana miaka 26 au karibu yake. Kama hakuna aliyemwambia, siku moja atatoka sokoni na mfuko wake wa nyanya, atapungia tuktuk, itasimama, na dereva atageuka. Tafuta mamake au shangazi yake wiki hii, kabla ya masjala na kabla ya barua, umwambie polepole kwamba ametoka, anakaa wapi, na anafanya kazi njia zipi. Kama atahitaji mtu wa kuzungumza naye, 1195, simu ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, hupokewa usiku na mchana.